Nitalala kwa watu nisiowajua wiki nne, wananitaka nini?

"Mimi ni mkunga katika kituo cha afya mkoani Tanga. Nina miaka 34, nina mume na watoto wawili. Nimeteuliwa kwenye timu ya watu watano itakayokwenda Minnesota, Marekani, kwa mpango wa Rotary, ule umoja wa klabu za watu wa kujitolea, wiki nne kuanzia katikati ya Septemba, kujifunza huduma za mama na mtoto mchanga. Tumeambiwa hakuna hoteli. Tutalala majumbani kwa watu wanaojitolea, kila wiki nyumba nyingine, na hawalipwi hata senti. Hilo ndilo linaloninyima usingizi: mtu asiyelipwa ananitaka nini? Dada mmoja niliyefanya naye kazi alikwenda safari kama hii mwaka 2011. Anasema wiki ya kwanza alilala na njaa, na mbwa alikuwa akiingia hadi chumbani. Mimi ni Mwislamu. Kiingereza changu ni cha kujaza fomu. Nibebe zawadi gani, maana gharama zao siwezi kuzirudisha? Na shemeji yangu kila siku ananiambia, 'Ukifika usirudi, huko wauguzi wanatafutwa kama dhahabu.' Nifanyeje?"

Dada yangu, hongera kwanza. Maswali yako ni mengi lakini nayasikia kama swali moja tu: unaogopa deni. Unaingia nyumba ya mtu, unakula chake, anakuendesha kwa gari lake, na hakuna aliyekutajia bei. Nimewaandaa wasafiri wa namna hii kwa miaka mingi, na swali la "wananitaka nini" huwa haliulizwi ukumbini. Huulizwa kwenye korido, kwa sauti ya chini, semina ikishakwisha. Nashukuru wewe umeliuliza mbele ya watu.

Tuanze na nani analipa nini, maana wengi huchanganya hapo. Tiketi yako, bima yako na gharama za mafunzo hulipwa na mpango wenyewe, yaani fedha zilizochangwa na klabu pamoja na mfuko wa Rotary. Klabu inayowapokea ndiyo inayopanga ratiba: Jumatatu hospitali, Jumanne chuo cha uuguzi, Jumatano chakula cha mchana na wanachama. Familia unakolala imeombwa vitu vitatu tu, kitanda, chakula na usafiri wa kukufikisha kwenye ratiba. Haikuombwa ikufadhili, wala ikusomeshee mtoto, wala ikutatulie mambo ya viza. Na wewe hukuombwa uwafulie nguo au uwalelee wajukuu. Ukijua mipaka hiyo, nusu ya hofu yako itapungua.

Sasa kwa nini mtu akubali kazi hiyo bure? Sababu ni za kawaida kuliko unavyodhani. Wengi wa wanaopokea wageni ni watu wazima ambao watoto wao wameshahama, na nyumba ina vyumba viwili vitupu. Wengine waliwahi kupokelewa wao nchi ya watu na hawajasahau. Wengine hawajawahi kutoka jimbo lao, na wewe ndiye Afrika itakayowafikia mezani. Wapo pia, nikwambie kweli, waliokubali kwa sababu rafiki yao wa klabu aliwashika mkono mkutanoni wakaona haya kukataa. Hao utawajua: wapole, wana haraka, wanakuachia ufunguo na karatasi ya maelekezo. Si wabaya, wala usihesabu kwamba wamekuchukia. Wote kwa jumla wanachotaka ni kuongea na wewe. Waliposema ndiyo walikuwa wanawaza zile saa mbili baada ya chakula cha jioni. Mgeni anayekula haraka, akashukuru, akapanda chumbani na kufunga mlango saa moja na nusu kwa kuogopa kusumbua, ndiye anayewaacha na masikitiko. Ile methali ya Kiswahili inayosema mgeni njoo mwenyeji apone, huko ina maana yake ya moja kwa moja.

Kuhusu mwenzako wa 2011, naomba umwelewe vizuri. Wakati ule kulikuwa na mpango ulioitwa Group Study Exchange, ulioanza 1965 na kufungwa 2013. Timu ilikuwa ya wataalamu vijana wanne na kiongozi mmoja wa Rotary, wakizunguka wiki nne hadi sita kuona mambo mengi juu juu. Siku hizi timu huenda kwa lengo moja la mafunzo, kama ninyi na mama na mtoto, kwa hiyo utakuwa kazini zaidi ya alivyokuwa yeye. Lakini njaa yake haijabadilika na mwaka. Ningeweza kukuapia jinsi ilivyotokea hata kabla hujanisimulia.

Kwetu, mgeni akikaribishwa chakula, hukataa kwanza. "Aa, nimeshiba, nimetoka kula sasa hivi." Mwenyeji anajua huyu hajashiba. Anamsukumia sahani, anamwambia utanikasirisha, anamwekea kipande cha samaki bila kuuliza. Mara ya tatu mgeni anakula, na wote wawili wamelinda heshima zao. Ni mchezo wa watu wawili, na kila mmoja anajua zamu yake. Minnesota mwenyeji wako hajui kwamba kuna mchezo. Atakuuliza mara moja: unataka kuongeza? Ukisema hapana, kwake umesema hapana. Kukulazimisha ndiyo ingekuwa utovu wa adabu, kwamba hakuamini maneno yako. Atafunika bakuli na kuliweka kwenye friji, na wewe utabaki unalitazama friji.

Ongeza hapo saa za kula. Chakula cha jioni huwa saa kumi na mbili, pengine kasoro. Ikifika saa tatu usiku, tumbo lako la Tanga linasubiri wali na jikoni pamezimwa taa. Tena asubuhi usitegemee kuandaliwa. Utaonyeshwa kabati, mkate, mayai, maziwa, na utaambiwa ujisevie. Mgeni wetu anasimama pale jikoni akiona haya kufungua kabati la mwanamke mwenzake, anakunywa maji, anaondoka. Dada, fungua kabati. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi wao jembe wanakupa siku ya kwanza, na kwao ndiyo heshima, umeshakuwa wa nyumbani. Kaanga yai. Osha sufuria. Usiku wa pili sema utapika wewe Jumamosi. Nakuhakikishia chapati zako zitazungumzwa klabuni mwaka mzima.

Kwa hiyo sentensi tatu za Kiingereza uzifanyie mazoezi hadi zitoke bila kufikiri: naomba niongeze; bado nina njaa; sijakuelewa, rudia polepole. Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Sisi hutikisa kichwa na kusema yes ili mazungumzo yasikwame. Mwenyeji kakuuliza kama akupitie saa tatu au saa nne, umesema yes, naye anabaki hajui. Kiingereza cha kujaza fomu kinatosha kabisa ukiwa na ujasiri wa kusema hujaelewa. Na angalia saa. Wewe na mimi tunajua six yao ni kumi na mbili yetu, lakini siku tatu za mwanzo mwili utakuwa mbele kwa saa nane, usingizi umekuvaa, na kichwa kilichochoka hurudi kwenye saa za mama. Nimewahi kuwa na msafiri aliyesubiriwa asubuhi na watu arobaini wakati yeye yuko kitandani, ameandika kwenye daftari "saa sita" na kuelewa mchana.

Mbwa. Hapa usione haya hata kidogo, hili ni ombi ambalo waratibu wanalizoea. Kabla ya safari utajazishwa fomu ya mgeni. Ina nafasi ya chakula, mzio, dini na wanyama. Watu wetu huandika "hakuna shida" kila mstari kwa adabu, halafu wanateseka wiki nne. Wewe andika kwamba kwa dini yako mate ya mbwa ni najisi kwenye mwili na nguo za sala, na unaomba nyumba isiyo na mbwa, au chumba ambacho mbwa haingii. Wakipata nyumba isiyo naye, vizuri. Wasipopata, mlango unaofungwa na mswala uliokunjwa juu ya kabati vinatosha, na mwenyeji aliyeambiwa mapema atamzuia mnyama wake kwa moyo mkunjufu. Asiyeambiwa ataona unamruka mbwa wake kama nyoka, na ataumia, maana kwao mbwa ni mtu wa familia.

Nyama pia iandike: nguruwe hapana, pombe hapana, na kama unakula halali tu, sema halali tu. Huko si jangwa la halali. Minneapolis ina jamii kubwa sana ya Wasomali, wana misikiti yao na maduka yao ya nyama, na utaikuta sambusa ikiitwa kwa jina karibu hilo hilo. Ukiwa mji mdogo mbali na hapo, samaki, mayai na maharage vitakuvusha. Kibla nayo huwashangaza wengi: kutoka Minnesota utaelekea kaskazini mashariki. Na fomu ikiwa haina swali hilo, ongeza kwa mkono wako kwamba hutalala nyumba yenye mwanamume peke yake. Hakuna mratibu mwenye akili atakayeona ni neno zito.

Kuna jambo moja ambalo fomu hailitaji na semina hazisemi kwa aibu, nami nalisema. Bafu. Sakafu ya bafu la kwao mara nyingi haina tundu la kutolea maji. Maji yote yanatakiwa yaishie ndani ya beseni lile refu, na pazia la plastiki liingie ndani ya beseni, si nje. Ukioga kwa kopo umesimama sakafuni kama nyumbani, au ukiacha pazia nje, maji yatapenya mbao na kutokea kwenye dari ya sebule chini. Nimeliona dari hilo, lilikuwa na duara la rangi ya chai pana kama sinia. Mwenyeji alicheka, lakini fundi hakuja bure. Kwa kujisafisha chooni, beba chupa ndogo ya plastiki. Bomba la maji liko kwenye sinki tu, na karatasi tupu hutaizoea kwa wiki nne.

Upande wa kazi nitasema machache, maana wewe ndiye mkunga. Utatazama, hutagusa mgonjwa, kwa sababu huna leseni ya jimbo lile. Usichukulie kama dharau. Usipige picha wodini hata ya kitanda kitupu. Sheria yao ya siri za mgonjwa ya mwaka 1996 haina utani, na picha moja ya WhatsApp inaweza kuiondoa timu nzima hospitalini. Hospitali nyingi zitadai uthibitisho wa chanjo na kipimo cha TB kabla hujaingia. Hapo kuwa macho: wewe una kovu la BCG mkononi, na kipimo cha kuchoma ngozini kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo hata kama huna TB. Omba mapema kipimo cha damu. Usingoje ufike, uvimbe mkono, kisha upoteze wiki nzima ukisubiri picha ya kifua.

Na usiende kama mwanafunzi mtupu. Kumkumbatisha mama mtoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, hakukutoka kwenye hospitali tajiri. Kulianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, mashine za joto zilipokuwa hazitoshi, na leo wodi za watoto wachanga za Marekani wanafanya hivyo. Beba ile pembe yako ya kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni. Klabu hukutana mara kwa mara na mtapewa dakika chache za kuzungumza. Watu watakuwa wametazama slaidi za wageni hadi wamechoka. Wewe toa pembe, waeleze unavyoisikiliza saa nane za usiku umeme umekatika, uipitishe mkono kwa mkono. Hutakuwa na haja ya Kiingereza kingi.

Zawadi. Huwezi kurudisha gharama, na hakuna anayesubiri uzirudishe. Chukua vitu vyepesi, kimoja kwa kila nyumba na viwili vya akiba. Kanga ni nzuri kuliko vinyago vya uwanja wa ndege, lakini nakusihi uisome jina kabla hujalipa. Msafiri wangu mmoja alinunua doti kwa haraka Kariakoo akaangalia rangi tu. Mwenyeji aliipenda akaitundika sebuleni. Miezi baadaye alipita mgeni Mkenya, akaisoma, akashindwa kujizuia kucheka: "Wajigamba una nini?" Chagua jina la shukrani au la heri, na uandike tafsiri yake kwenye karatasi. Karafuu kavu, chai na kahawa iliyokaangwa hupita, ila zitaje kwenye tamko la forodha. Nyama, matunda mabichi na mbegu acha nyumbani, usijaribu hata kidogo. Kwa ajili yako mwenyewe beba sweta na soksi. Fikiria Lushoto mwezi wa saba, halafu shusha tena. Asubuhi za Oktoba huko nyuzi joto tano si ajabu.

Wakati huo huo kuna mtego. Mkishazoeana utajisikia kumweleza mwenyeji kuhusu ada ya mtoto au kituo chako kisicho na tangi la maji. Ya mtoto usiiguse. Ya kituo, ieleze kama kazi yako ilivyo bila kuomba, kisha ukirudi nenda kwenye klabu ya Rotary iliyo karibu nawe. Ruzuku zao kubwa huanzia bajeti ya dola 30,000 na hudai klabu mbili, moja ya nchi yenye mradi na moja ya nje. Mwenyeji wako hawezi kukuandikia hundi ya tangi, ila anaweza kuwa ile klabu ya pili. Hapo urafiki unafanya kazi bila mtu kuona haya.

Nimemwacha shemeji mwisho kwa makusudi. Anasema kweli nusu: wauguzi wanatafutwa. Nusu ya pili hakuisema. Viza yako, iwe B-1 ya ziara ya kikazi au J-1 ya mabadilishano, haikuruhusu kuajiriwa nje ya mpango, hata kumwogesha mzee mmoja kwa malipo ya mkononi. Ukibaki zaidi ya siku 180 baada ya muda wako kuisha na kisha ukatoka, unaweza kufungiwa miaka 3. Ukipita mwaka, miaka 10. Cheti chako cha ukunga kitakuwa karatasi, kwa sababu bila kufaulu mtihani wa NCLEX hakuna jimbo litakalokupa leseni ya muuguzi. Na familia iliyokulaza itabaki na maswali ya kujibu. Kama kweli moyo wako unataka kufanya kazi Marekani, njia ipo na ni ndefu: mtihani huo, mtihani wa Kiingereza, uhakiki wa vyeti kupitia CGFNS, shirika la kukagua vyeti vya wauguzi wa nje ambalo siku hizi linaitwa TruMerit, mwajiri, ndipo viza. Ianze ukiwa Tanga, mumeo akijua. Mimi siwezi kukuambia uhame au usihame. Ila ziara hii si mlango wa jambo hilo, na kama unalifikiria kwa dhati, mwone wakili wa uhamiaji ana kwa ana. Usimsikilize wakala wa mtandaoni, wala mimi.

Yapo mambo machache ambayo hayavumiliwi kwa jina la adabu. Mwenyeji akikuomba pasipoti akae nayo, kataa. Ni yako, ilale kwenye mkoba wako. Akiingia chumbani bila kubisha, akikugusa, akikunywesha usichotaka, au akikufanya mfanyakazi wa ndani, mpigie kiongozi wa timu usiku huo huo, na baada yake mratibu wa klabu. Huna haja ya ushahidi ili uombe kuhamishwa nyumba. Sema tu hujisikii salama. Kwa hatari ya kweli namba ni 911. Wengi wa wenyeji ni watu wema, nami nimeona mamia, lakini wema wa wengi haumlindi aliyeangukia kwa mmoja. Hifadhi namba hizo kwenye simu na pia kwenye karatasi, kwa sababu simu huzima.

Kabla ya safari, mwone daktari kama una presha, kisukari au ujauzito, na dawa zako uzibebe kwenye pakiti zake pamoja na barua. Isome bima yako hadi mwisho, ujue inalipa nini, maana usiku mmoja wa dharura hospitalini kule unaweza kuwa maelfu ya dola, na mwenyeji hahusiki na bili hiyo. Panga pia na mumeo saa ya kupiga simu. Saa mbili usiku Minnesota ni saa kumi alfajiri Tanga, watoto wamelala. Asubuhi yako ya saa moja ni saa tisa alasiri kwao, wametoka shule. Hiyo ndiyo ya kushika.

Ile fomu ya mgeni, kama bado iko kwenye begi, itoe leo. Futa kila mahali ulipoandika "hakuna shida." Andika: Sili nguruwe wala sinywi pombe. Nasali mara tano, nahitaji kona safi. Naomba mbwa asiingie chumbani kwangu. Napenda kupika, na ningefurahi kuwapikia Jumamosi.